Umungu Mmoja: Safari ya Neno la Nikea Hadi Ziwa Nyasa

Jumapili asubuhi, homilia ikishaisha, waumini katika kanisa lolote la Kikatoliki wilayani Mbinga husimama kukiri imani. Kanuni ni ndefu, na wengi huisema bila kutazama kitabu. Katikati yake linapita neno ambalo huwezi kulisikia mnadani wala kwenye mashimo ya kilimo yaitwayo ngoro, na hata wanaopima kahawa hawalitumii: umungu. Mwana anasemwa kuwa na "umungu mmoja" na Baba. Neno linatamkwa kwa pumzi moja, na sauti zinasonga mbele kwenda kwenye habari za kuzaliwa, kuteswa na kufufuka. Kuna watu wamelisema kila Jumapili tangu komunyo ya kwanza hadi wakawa mababu, na hakuna aliyewahi kuwauliza maana yake.

Teremka sasa kutoka Mbinga mjini. Barabara ya lami inashuka milima ya Umatengo kwa kilomita 66 hadi Mbamba Bay, na ukifuata mwambao kuelekea kaskazini unafika Liuli. Huko Kanisa Anglikana lina mizizi mirefu, na Wakristo wake wana neno lilelile katika Biblia yao, ila limepungua herufi moja: Uungu.

Herufi yenyewe ni m. Nyuma yake wamesimama askofu wa Zanzibar aliyefasiri Maandiko, meli ya mvuke iliyokuwa kanisa na shule juu ya maji, wamonaki waliotoka Ujerumani, na mkutano wa maaskofu uliofanyika mwaka 325.

Mkutano kando ya ziwa

Mji wa Nikea upo bado, nchini Uturuki, kwa jina la Iznik. Nao uko ukingoni mwa ziwa. Mwaka 2014 picha zilizopigwa kutoka angani zilionyesha misingi ya kanisa la kale iliyolala chini ya maji, hatua chache tu kutoka ufukweni. Wavuvi wa Iznik walikuwa wakipita juu ya mawe hayo kwa mashua zao.

Hapo ndipo Kaisari Konstantino alipowaita maaskofu. Mapokeo ya Kanisa yanawahesabu kuwa 318. Kisa chao kilikuwa mafundisho ya Ario, padre wa Aleksandria nchini Misri. Ario alishika kwamba Mungu ni mmoja, hana mwanzo, wala hagawanyiki. Kwa hiyo Mwana, akiwa amezaliwa, lazima awe na mwanzo. Ni mkuu kuliko viumbe vyote, lakini naye ni kiumbe. Mafundisho hayo hayakubaki kwa wasomi. Mwanahistoria Filostorgio, aliyekuwa upande wa Ario, anasimulia kwamba padre huyo alitunga nyimbo za mabaharia, za wasagaji nafaka na za wasafiri, na kwa nyimbo hizo fundisho lake likaenea bandarini na barabarani.

Maaskofu walitaka neno ambalo Ario na wenzake wasingeweza kulikubali huku wakilipa maana yao wenyewe. Kila neno walilolitoa katika Maandiko, upande wa pili ulikuwa na njia ya kulieleza. Mwishowe wakachukua neno la Kigiriki, homoousios. Sehemu ya kwanza, homo, maana yake ni "ileile". Ya pili inatokana na ousia, yaani kile ambacho kitu ni, kule kuwa kwake. Kwa maneno ya kawaida: kile ambacho Baba ni, ndicho ambacho Mwana ni.

Neno hilo lilikuwa na matatizo mawili. Kwanza, halimo popote katika Biblia, na maaskofu wengi waliona vigumu kuifunga imani kwa neno ambalo mitume hawakulitumia. Pili, lilikuwa na doa. Miaka 57 kabla ya hapo, mwaka 268, maaskofu waliokutana Antiokia kumhukumu Paulo wa Samosata walikuwa wamelikataa kwa jinsi alivyolitumia yeye. Nikea ilichukua neno lililotiliwa shaka, ikalipa kazi mpya.

Vita vya maneno havikuishia hapo. Baadhi ya maaskofu walipendekeza kuongeza herufi ndogo kuliko zote za Kigiriki, iota, neno lisomeke homoiousios, yaani "mwenye kuwa kunakofanana". Kufanana si kuwa kitu kilekile, na kwa ajili ya herufi hiyo makanisa yaligawanyika na maaskofu wakafukuzwa katika viti vyao. Athanasio, aliyekwenda Nikea akiwa shemasi na baadaye akawa askofu wa Aleksandria, alipelekwa uhamishoni mara tano kwa kulitetea fundisho la Nikea. Mtaguso wa Konstantinopoli wa mwaka 381 ndio uliothibitisha imani ya Nikea, na kanuni inayosemwa leo Mbinga ina umbo lililotokana na mtaguso huo.

Ugomvi huo uligusa Afrika Mashariki mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Athanasio ndiye aliyemweka wakfu Frumensio kuwa askofu wa Aksum, Ethiopia. Kaisari Konstansio, aliyewaunga mkono wapinzani wa homoousios, akawaandikia watawala wa Aksum, Ezana na Sazana, akiwataka wamrudishe askofu wao Misri ili imani yake ichunguzwe. Wakati huo, katikati ya karne ya 4, neno la Nikea lilikuwa tayari ni jambo la kuandikiana barua kati ya kaisari wa Roma na wafalme wa pembe ya Afrika. Kufika Ziwa Nyasa kulichukua zaidi ya miaka 1,500.

Njala, mvula, Mulungu

Katika mwambao wa Nyasa, neno hilo lilikuja kwa maji. Misheni ya Kianglikana ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana kwa herufi za UMCA, ilikuwa na makao Zanzibar, na mwaka 1885 ikaweka kituo chake cha ziwani katika kisiwa cha Likoma. Mwaka huohuo meli yake ndogo ya mvuke, Charles Janson, iliteremshwa majini. Mwaka 1901 ikafuata kubwa zaidi, Chauncy Maples, iliyopewa jina la askofu aliyekufa maji katika ziwa hilohilo mwaka 1895. Ndani ya Chauncy Maples kulikuwa na nafasi ya ibada, ya kufundishia walimu, na ya kuchapia.

Mtu aliyeufanya mwambao wa mashariki kuwa parokia yake alikuwa William Percival Johnson. Alizaliwa mwaka 1854, akafika Zanzibar mwaka 1876, na miaka michache baadaye akawa amefika ziwani kwa miguu akipitia nchi ya Wayao. Ugonjwa uliua jicho lake moja na kuliacha la pili dhaifu, lakini hakuacha kusoma wala kufasiri. Biblia ya Kinyanja kwa lahaja ya Likoma ni kazi ya mikono yake. Alifariki Liuli mwaka 1928, na kaburi lake lipo palepale, katika mji ambao Wajerumani waliuita Sphinxhafen kwa sababu ya mwamba wenye umbo la sanamu ya Misri.

Johnson alizungumza Kiswahili, Kiyao na Kinyanja, na katika lugha zote tatu alikuta jina moja la Mungu likiwa na sura tofauti. Wayao na Wanyanja walisema Mulungu. Katika Zanzibar, Edward Steere, askofu wake, aliandika Muungu. Ndivyo linavyoonekana katika kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kilichotoka mwaka 1870. Leo tunaandika Mungu.

Mtu wa ziwani hahitaji mwalimu kuonyeshwa njia neno hilo lilikopita. Yeye husema njala, Mswahili wa pwani husema njaa. Kinyanja kina mvula, Kiswahili kina mvua. Herufi l iliyokuwa katikati imedondoka katika Kiswahili na kuacha irabu mbili zikitazamana. Mulungu nalo likapoteza l yake likawa Muungu, kisha irabu mbili zikashikana likawa Mungu.

Kuna jambo jingine ndani ya jina hilo. Alexander Hetherwick, mmisionari Mskoti aliyeishi miaka mingi kusini mwa ziwa na kukijua sana Kiyao, aliandika mwaka 1902 kwamba Wayao ambao hawakupata mafundisho ya wamisionari hawakulitumia Mulungu kama jina la mtu fulani. Kwao lilitaja zaidi hali au nguvu ya kiroho. Hata sarufi inashuhudia hivyo, kwa kuwa wingi wake unaanza kwa mi-, kama miti na milima, si kwa wa-, kama watu na wazee. Kiswahili kimehifadhi alama hiyo hadi leo. Tunasema "Mungu amesema", kana kwamba ni ngeli ya mtu, lakini wingi ni miungu, na Biblia ya Kiswahili ya Union ikiwakataza watu kuabudu "miungu mingine" inatumia upatanisho wa miti.

Kwa hiyo mtu wa mwambao aliyefundishwa kwamba Mwana ana uungu mmoja na Baba alipokea neno la Kigiriki juu ya msingi wa neno ambalo lenyewe, kwa mababu zake, lilikuwa limekaribia kuwa jina la hali.

Wamonaki wa mlimani

Mlimani hadithi ilikuwa nyingine. Wabenediktini kutoka Ujerumani walifungua Peramiho mwaka 1898 na Kigonsera mwaka uliofuata, karibu na nchi ya Wamatengo. Mwanzilishi wa Peramiho, Cassian Spiss, alikuwa mtu wa lugha. Mwaka 1904 kazi yake kuhusu lugha za Kingoni na Kisutu ilichapwa Berlin. Wakati huo alikwisha kuwa askofu, na makao yake yalikuwa Dar es Salaam. Agosti 1905, akiwa safarini kwenda kutembelea misheni za kusini, aliuawa karibu na Liwale, siku za mwanzo za Vita vya Majimaji.

Katika Kingoni wamonaki walikuta jina Chapanga, ambalo katika lugha za jirani husikika kwa sauti zinazokaribiana. Watu hulihusisha na kitenzi cha kupanga, kutengeneza na kuweka mambo sawa. Jina hilo halijafa. Wazee bado wanalitaja wanapoombea mvua, mgonjwa au safari. Lakini shule za misheni zilifundisha kwa Kiswahili, na serikali ya Wajerumani iliendesha ofisi zake kwa Kiswahili. Katika vitabu vya dini, Mungu wa Kiswahili ndiye aliyeshika nafasi.

Hata hivyo, katika Misa yenyewe, kwa zaidi ya nusu karne, Wamatengo hawakuikiri imani ya Nikea kwa Kiswahili wala kwa Kimatengo. Waliimba Kilatini. Neno walilolitamka lilikuwa consubstantialem, refu na gumu, nao wakalijua kwa sauti ya wimbo. Waanglikana wa ziwani walikuwa wakisali kwa lugha zao tangu mwanzo. Wakatoliki wa mlimani walisubiri hadi Mtaguso wa Pili wa Vatikano, uliopitisha hati yake ya liturujia tarehe 4 Desemba 1963. Ndipo Misale ikaja kwa Kiswahili, na wachapaji wa monasteri za Ndanda na Peramiho wakaisambaza nchi nzima. Kijitabu alichokishika mama wa Mwanza au Moshi akisema "umungu mmoja" huenda kimetoka kusini mwa Tanzania.

M inayobaki, m inayoondoka

Hapa ndipo inafaa kulitazama neno kwa karibu.

Kiswahili hutengeneza jina la hali kwa kiambishi u-. Kwa kawaida u- inaiondoa m- ya mwanzo na kukaa mahali pake. Mtu ana utu, mzee ana uzee, mfalme ana ufalme. Ukiifuata kanuni hiyo, na ukikumbuka kwamba Mungu lilikuwa Muungu, m- inatoka, shina -ungu linabaki, u- inaingia: uungu. Hii ndiyo njia ya Biblia ya Union iliyotoka mwaka 1952, iliyounganisha tafsiri za Zanzibar na Mombasa. Katika Warumi sura ya 1, Mtume Paulo anapozungumzia kile ambacho Mungu ni, neno ni Uungu. Waanglikana wa Liuli, sawa na Walutheri wa Njombe, wamelizoea kwa kusoma.

Lakini kuna majina ambayo m yake haing'oki. Mama ana umama, si *uama*, kwa kuwa m ile ni sehemu ya jina lenyewe. Anayesema umungu amelichukulia jina la Mungu kwa njia hiyo. Hakulivunja. Amelipokea zima, kama mtu apokeavyo jina la mzazi, na kuliwekea u- mbele yake.

Njia zote mbili ni Kiswahili halali. Uungu linafuata historia ya ndani ya neno na linafanana na maneno mengine ya hali. Umungu linasikika wazi zaidi kwa mtoto wa mafundisho, maana jina la Mungu limo humo herufi kwa herufi. Tena umungu haliachi nafasi kubwa ya kufikiria miungu. U- imewekwa mbele ya jina la Mmoja. Kwa fundisho lililozaliwa kwa kupinga wazo la mungu mdogo aliye chini ya mungu mkubwa, hiyo ni faida kubwa.

Kiswahili kilikuwa na maneno mengine ya kukopa. Kulikuwa na dhati, ambalo wanazuoni wa Kiislamu hulitumia kutaja kile Mungu alicho. Lakini mtu wa kawaida akisikia dhati anawaza moyo wa kweli, kama katika "kushukuru kwa dhati". Kulikuwa na asili, neno zuri, lakini lenye harufu ya chimbuko na ukoo. Na swali la Ario lilikuwa ni lilelile la chimbuko. Kwa nafsi tatu za Utatu, Wakristo walikubali neno la Kiarabu, na likakaa. Kwa homoousios, Misale iliamua kutokopa. Ilichukua jina la Mungu na kiambishi kimoja cha Kibantu.

Tone la maji

Umungu halimo katika Kanuni ya Imani peke yake. Kila Misa, wakati wa kuandaa vipaji, padre au shemasi hutia tone dogo la maji katika kikombe cha divai na kusema sala fupi kwa sauti ya chini. Waumini wengi hawaisikii. Mara nyingi kwaya inaimba. Katika sala hiyo umungu wa Kristo na ubinadamu wetu vinatajwa pamoja: anaombwa atushirikishe ule wa kwanza yeye aliyekubali kuuchukua huu wa pili. Ukisimama mbele, karibu na altare, utaona tone likizama ndani ya divai na kutoweka. Ni fundisho la Nikea lililofanywa kitendo.

Nje ya kanisa neno limepata maisha ambayo maaskofu wa Nikea wasingeyatarajia. Katika siasa za Tanzania "umungu mtu" ni shutuma kali. Kiongozi asiyekosolewa, anayetaka kuabudiwa, huambiwa anajenga umungu mtu. Mwenye duka mkorofi naye huambiwa amejifanya mungu mtu. Maneno hayo, Mungu na mtu, katika teolojia yanamhusu Kristo peke yake. Mtaani yanakataa mtu mwingine yeyote asiingie nafasi hiyo. Anayelaumu hivyo huenda hajawahi kusikia habari za Nikea, lakini mpaka anaouchora kati ya Muumba na kiumbe ndio uleule maaskofu waliokuwa wakiugombania.

Uungu nalo limekwenda viwanjani. Tangu miaka ya 1980, mihadhara ya wazi kati ya Waislamu na Wakristo imekusanya watu katika miji mingi ya Tanzania, na mada ambayo haikosi ni "uungu wa Yesu". Mhadhiri Mwislamu ana Biblia ya Union mkononi na anauliza neno hilo limeandikwa wapi juu ya Yesu, kwa sura na aya. Swali hilo ni la zamani. Ndilo waliloulizana maaskofu wenyewe walipoona homoousios halimo katika Maandiko, na jibu la Nikea lilikuwa kwamba neno jipya lilihitajika ili kulinda maana ya yale yaliyoandikwa. Mkristo wa Mbinga anayejua historia hii anaweza kusimama kwenye mjadala kama huo kwa utulivu na heshima. Asiyeijua anabaki na neno kinywani tu, na hilo ni jambo la kusikitisha kwa neno ambalo watu waliteseka kwa ajili yake.

Maziwa mawili

Tarehe 28 Novemba 2025, Papa Leo XIV na Patriaki Bartholomayo wa Konstantinopoli walikutana Iznik na viongozi wa makanisa mengine kuadhimisha miaka 1,700 ya Nikea. Waliomba karibu na magofu ya lile kanisa la ukingoni mwa ziwa, wakaikiri imani pamoja.

Mbinga sasa ni jimbo la Kikatoliki lenyewe, tangu mwaka 1986. Waanglikana wana Dayosisi ya Ruvuma. Mwambao umekuwa wilaya ya Nyasa tangu mwaka 2012, na Wakatoliki na Waanglikana wanaishi humo kijiji kimoja, wanavua dagaa kwa taa usiku mmoja, wanaoana na kuzikana. Iota ya Kigiriki iliyatenganisha makanisa kwa sababu ilibadili maana. Herufi m ya Ziwa Nyasa haibadili maana yoyote. Inaonyesha tu kama kitabu kilikuja kwa meli kutoka Likoma au kwa barabara kutoka Peramiho.

Katika darasa la kipaimara kwenye kigango cha mwambao, katekista anapofika kipengele hiki hufanya jambo rahisi. Anaandika ubaoni Mungu kwa herufi kubwa, anaacha nafasi, kisha anaweka U mbele yake. Watoto wananakili. Mmoja ambaye bibi yake ni Mwanglikana huandika Uungu, kwa sababu ndivyo alivyoliona katika Biblia ya nyumbani. Katekista aliyefundishwa vizuri halifuti neno la mtoto huyo. Analiandika ubaoni chini ya lile la kwanza, anachora mstari kati ya herufi zinazolingana, na kuanza kuwasimulia habari za mji mwingine uliojengwa kando ya ziwa.